Fundi wa "zote zinasoma" katuvurugia studio, tangazo la kifo limekatika hewani

Wakuu, nina hasira, nitaandika kama zinavyokuja.

Niko upande wa ufundi kwenye redio moja ndogo huku Kanda ya Ziwa. Mwaka jana tuliachana na lile rundo la waya za XLR, zile nene za maikrofoni, tukahamia sauti kupitia mtandao: maikrofoni, mikisa, kompyuta ya kurushia, vyote vinaongea AES67, yaani kanuni ya kupitisha sauti mtandaoni kwa vipande vidogo vya data (pakiti), kwenye swichi inayoviunganisha. Ikaletwa kampuni ivute kebo za mtandao za Cat6, laini 32. Siku tatu wamemaliza. Wakatoa kile kitesta cha taa nane, moja hadi nane, kijani tupu. "Bosi, zote zinasoma." Meneja akasaini. Mimi nilikuwa likizo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa juzi, matangazo ya vifo. Mtangazaji anasoma vizuri kabisa: "maziko yatafanyika kesho saa kumi alasiri katika kijiji cha..." Kimya. Sekunde mbili tatu. Halafu "...habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo." Simu zikaanza kumiminika, kijiji gani? Utamwambia nini mfiwa, kwamba pakiti imepotea?

Nikaingia kwenye swichi. Milango saba ina makosa ya CRC, yaani pakiti zinazofika zimeharibika, yanapanda huku naangalia. Mitatu imejishusha hadi Mbps 100 badala ya 1,000. Na ule wa studio ya hewani laini inaanguka na kurudi yenyewe, mara nne kwa siku moja! Nampigia fundi, ananijibu "mbona YouTube inafunguka?"

Jamani. YouTube pakiti ikipotea inaombwa tena, na tayari ina akiba ya sekunde kadhaa mbele, huwezi kujua. Sauti ya studio haina kuomba tena. Ni pakiti 1,000 kila sekunde kwa kila mkondo, iliyopotea ndiyo imeenda, na msikilizaji anaisikia kama tik.

Nikakata vichwa viwili vitatu vya RJ45, zile plagi za mwisho wa kebo, nione. Ndani mna waya nane, jozi nne zilizosokotwa mbilimbili kwa rangi. Huyu bwana kazipanga kama anatunga shanga: machungwa 1 na 2, kijani 3 na 4, bluu 5 na 6, kahawia 7 na 8, huku na huku. Kitesta lazima kiseme sawa, maana namba 3 inafika 3 na namba 6 inafika 6. Lakini kwenye T568B, mpangilio wa rangi unaotakiwa, 3 na 6 ndio wanandoa, wanatakiwa watoke kwenye msokoto mmoja, na bluu wakae 4 na 5. Ukiwatenganisha, msokoto haufanyi kazi yake na jozi zinaanza kuingiliana. Kitesta cha taa hakiwezi kuliona hilo hata ukikiombea dua. Inatakiwa mashine inayopima mwingiliano na upotevu wa mawimbi, na inakupa ripoti ya kila laini.

Nikakwaruza waya kwa wembe. Nyeupe ndani! Alumini iliyopakwa shaba, wakati ankara imeandikwa shaba tupu. Hata uzito wa boksi ungewashtua. Kebo ya hivyo si Cat6 hata ikiandikwa ubavuni kwa wino wa dhahabu: ukinzani wake ni mkubwa, ukiikunja vibaya inakatika, na sisi tunapitisha humohumo umeme wa PoE wa vifaa vya studio. Laini ya studio ya pili nayo ina mita 112, mwisho ni 100 pamoja na vile vipande vya kuunganishia. (Sijagusa habari ya kulaza data na umeme wa AC kwenye trunking (mfereji wa kupitishia waya) moja, nitapandwa na presha bure.)

Nimewapigia tena kuwaambia warudi na mashine ya kupimia. Jibu: "Kupima ni gharama tofauti, haikuwa kwenye mkataba." Nimeusoma mkataba. Kweli haikuwemo. Umeandikwa "kuvuta na kuhakikisha zinafanya kazi", basi.

Sasa nasaidieni mambo mawili. Nani ana mashine hiyo ya kukodisha kwa siku moja, Mwanza au karibu? Na kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya kebo feki baada ya kusaini? Asilimia 20 yao bado tumeishikilia, na mhasibu anasema mwisho wa kuilipa ni Ijumaa.