Unga mweupe kwenye lekitho: nisafishe na nini?

Swali, Lubumbashi: Wakubwa, nina lekitho nyeusi ya Athens (kichupa cha mafuta cha Wagiriki wa kale), sentimita 14. Shingoni kuna unga mweupe unaorudi kila ukipanguswa. Siki inafaa?

Jibu: Siki hapana, yaya! Asidi inakula chokaa iliyo ndani ya udongo wenyewe. Huo unga ni chumvi. Masika chombo kinanyonya unyevu. Kiangazi maji yanatoka, chumvi inabaki juu na mwisho inabandua weusi vipande vipande. Kilaze katika ndoo ya plastiki yenye maji distile, yale ya kujazia betri za gari, ubadilishe kila siku kwa wiki mbili hivi. Soma kibandiko vizuri, chupa za asidi ya betri zinafanana nazo. Kausha kivulini, polepole.

Jibu: Kabla ya ndoo, ukikague. Kimulike gizani kwa taa ya kukagulia dola, ile ya UV: gundi na rangi za kisasa mara nyingi zinawaka tofauti na udongo. Kisha gusa kitako kwa pamba yenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha rangi na gundi. Weusi wa Athens si rangi, ni udongo laini uliogeuka mweusi tanuruni kwa kunyimwa hewa, kwa hiyo hautoki. Pamba ikichafuka, kuna mtu wa juzi aliyekipaka au kukirekebisha. Usiloweke, gundi itaachia. Na lekitho zilizochorwa juu ya uso mweupe zisiguswe na maji kabisa, rangi zake nyingi zilipakwa baada ya kuchomwa.

Jibu: Makaratasi je? Makumbusho mengi yanadai ushahidi kwamba chombo kilitoka katika nchi kilikofukuliwa kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni.