Wino wa peni kwenye kanzu nyeupe, kochi la rekisini na ukuta: nitautoaje bila kuharibu?

Mama Rayyan (Tanga)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, kwa sababu ushauri ninaopewa na majirani unapingana, nami naogopa kuufuata kabla sijaelewa. Mume wangu alikwenda kwenye akdi akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, na peni ya kawaida ya wino wa buluu ikavuja mfukoni kwa joto la siku ile. Doa limeenea kifuani kiasi cha upana wa kiganja. Kitambaa ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na shingoni kuna darizi ya uzi wa rangi ya maziwa. Kabla sijaiona, binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikwisha kuiloweka katika sabuni ya unga, wino ukafifia kidogo katikati lakini ukatanuka pembeni. Haijapigwa pasi wala kutiwa Jik.

Katika wiki hiyo hiyo mtoto ameokota peni na maka peni, akachora kochi letu la rekisini ya kahawia hafifu na ukuta wa sebule uliopakwa rangi ya maji. Jirani mmoja ananiambia nitumie maziwa, mwingine dawa ya meno, mwingine mafuta ya taa, na karibu wote wanamalizia kwa Jik. Kanzu hii ni ya thamani kwetu na ningependa ivaliwe tena Idi. Nianze na nini?

Dobi wa Ilala

Pole sana, Mama Rayyan. Umefanya jambo la maana sana kuiweka kanzu mbali na pasi, kwa sababu joto ndilo linalolifanya doa la wino ling'ang'anie kwenye uzi, na kanzu iliyokwisha kupigwa pasi huwa kazi ngumu hata kwa dobi mzoefu. Kwa sababu hiyo hiyo usiifue kwa maji ya moto, na kwa sasa usiitie Jik.

Kinachouyeyusha wino wa peni ni spiriti, ile isiyo na rangi inayouzwa duka la dawa. Usichukue spiriti ya zambarau kwa kitambaa cheupe, kwani ile imetiwa rangi na inaweza kukuongezea doa jipya. Ukikosa spiriti, sanitaiza ya majimaji yenye kileo cha zaidi ya asilimia 60 itafaa, lakini ile nzito ya utelezi huacha utando ambao utakulazimu kuusuuza baadaye.

Kwanza hakikisha kanzu imekauka kabisa, maana kitambaa chenye maji huipunguza spiriti nguvu. Jaribu tone moja kwenye upindo wa ndani, na tone jingine kwenye uzi wa darizi mahali pasipoonekana, uone kama rangi inatoka. Kisha kunja taulo nyeupe au kitambaa kikuukuu cha pamba, ukiweke mezani, na ukilaze kifua cha kanzu juu yake kifudifudi, yaani doa litazame chini. Lowesha pamba kwa spiriti na uguseguse kwa nyuma ya doa, ukianzia ukingoni na kuingia katikati, ili wino urudi ulikotokea na kushukia kwenye taulo badala ya kupenya zaidi ndani ya uzi. Usisugue hata kidogo. Kila taulo inapopokea rangi, isogeze upate sehemu safi, na kila pamba inapogeuka buluu, itupe uchukue nyingine. Watu wengi hushindwa hapa: wanaendelea na pamba ile ile iliyojaa wino, wakawa wanaupaka tena mahali walipokwisha kuutoa.

Taulo inapokoma kupokea rangi, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mahali pale, fikicha taratibu kwa vidole, halafu suuza kwa maji baridi. Ianike kivulini na uitazame ikiwa kavu, mchana, kwa sababu kitambaa kibichi hudanganya macho. Ukiona bado kuna buluu, rudia tangu mwanzo. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa kwa doa la ukubwa huo, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Kazi hii ifanywe dirishani, mbali na jiko na mbali na yeyote anayevuta sigara, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi na mvuke wake unaumiza kichwa.

Mwalimu wa Kemia (Mombasa)

Maelezo ya dobi ni sahihi, nami nitaongeza sababu zake, kwa kuwa anayeijua sababu ataweza kuamua mwenyewe siku atakapokutana na doa la aina nyingine.

Wino wa peni ya kawaida, ile yenye kijichuma cha mviringo nchani, hautengenezwi kwa maji. Ni rangi iliyoyeyushwa katika vimiminika vizito vya jamii ya kileo, ikachanganywa na rezini, yaani kitu kama utomvu, ili inate kwenye karatasi. Maji peke yake hayaiwezi rezini hiyo. Sabuni huisogeza bila kuiyeyusha, na ndiyo maana doa la Mama Rayyan lilitanuka lilipolowekwa. Spiriti ni jamaa wa vile vimiminika vya asili, kwa hiyo huurudisha wino kwenye hali ya umajimaji, na hapo ndipo unaponyonywa na taulo.

Tukiyatazama mapendekezo ya majirani kwa mwanga huo, maziwa sehemu yake kubwa ni maji na mafuta kidogo, kwa hiyo hupunguza doa bichi kwa kiasi kidogo sana na kuacha harufu. Dawa ya meno ina unga laini unaokwangua. Inaweza kufaa kwenye plastiki ngumu, lakini kwenye kitambaa huchosha uzi. Mafuta ya taa ningeyakataza moja kwa moja, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya harufu inayogoma kutoka. Ndimu na siki zina mahali pake, yaani kwenye madoa ya kutu na ya wino wa zamani wa kalamu za kuchovya uliotengenezwa kwa madini ya chuma. Kwa wino huo wa chuma, Jik ni kosa la hakika, kwani huacha doa la kutu badala ya doa la wino.

Kuhusu Jik, nawasihi wasomaji wote, hasa wenye watoto nyumbani. Jik haichanganywi na siki wala ndimu, kwa sababu huzaa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Haichanganywi na dawa ya usafi yenye amonia. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haichanganywi hata na spiriti wala asetoni, kwa sababu huzaa klorofomu na mivuke mingine yenye madhara. Mtu anayeanza na spiriti kisha akamiminia Jik juu yake, akiwa bafuni na mlango umefungwa, anajihatarisha. Ikibaki buluu hafifu kwenye kanzu baada ya spiriti, isuuzwe kabisa, kisha ilowekwe katika dawa ya unga ya kung'arishia nguo isiyo na klorini, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Upo pia wino ambao spiriti haiuwezi kabisa, nao ni ule wa kupakwa kidoleni wakati wa uchaguzi. Una nitrati ya fedha, yaani kemikali itokanayo na madini yale yale ya mikufu na pete, ambayo hukutana na chumvi ya jasho ikawa kloridi ya fedha, kisha mwanga wa jua ukaifanya iwe nyeusi. Kwenye ngozi huisha ngozi inapojibadilisha. Ukidondokea kanga, ni vyema kuipeleka kanga hiyo kwa mtaalamu wa kusafisha nguo mapema na kumwambia ni wino gani, kuliko kuujaribia kila kitu kilichopo kabatini.

Fundi Makochi na Rangi (Morogoro)

Mama Rayyan, mimi nitazungumzia kochi na ukuta.

Rekisini ni plastiki iliyolainishwa kwa kimiminika maalumu ili isiwe ngumu, na wino wa peni hupenya katika ulaini huo kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo kochi ndilo linalohitaji haraka kuliko kanzu. Jaribu kwanza nyuma ya kochi, chini kabisa. Chukua pamba yenye spiriti kidogo, isiyochuruzika, pitisha juu ya mstari wa wino mara moja, futa papo hapo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kausha. Ukiiacha spiriti ikae, itaondoa mng'aro na rangi ya juu ya rekisini. Asetoni na dawa ya kutolea rangi ya kucha zisikaribie hapo, kwani zinaulegeza uso wa rekisini ukanata na kukunjamana. Kama kochi lingekuwa la ngozi halisi, nisingekushauri hata spiriti, kwa sababu rangi ya ngozi hutoka pamoja na wino na doa jeupe linalobaki huchukiza zaidi.

Maka peni nayo huyeyuka kwa spiriti. Kwenye kioo, vigae au meza ya fomeka kazi ni rahisi. Kwenye rekisini yenye vinyweleo tarajia kivuli kibaki.

Ukutani hali ni tofauti. Rangi ya maji hulegea inapoguswa na spiriti, kwa hiyo ukisugua utaondoa wino pamoja na rangi na kubakiwa na baka. Wengi hukimbilia kupaka rangi mpya juu ya michoro, wakafurahi siku hiyo, na baada ya muda mfupi mistari ikaonekana tena, kwa sababu umajimaji wa rangi mpya huuyeyusha wino na kuupandisha juu. Sijui kwa nini mafundi wengi hawawaambii wateja jambo hili kabla ya kununua ndoo nzima ya rangi. Futa ukuta kwa maji na sabuni, uache ukauke, paka praima, yaani rangi ya msingi ya kuzibia, ya mafuta au ya shelaki mahali penye michoro tu, isubiri ikauke kabisa, kisha ndipo upake rangi ya maji mikono miwili. Ukuta wa rangi ya mafuta hauna shida hii, kwani spiriti kidogo kwenye kitambaa huufuta wino mara nyingi bila kuuharibu.

Mama Rayyan (Tanga)

Nawashukuru sana, Mwenyezi Mungu awalipe heri. Kanzu imeachia sehemu kubwa ya wino na nimebakiwa na mstari hafifu kwenye mshono wa mfuko, ambao nitaurudia kesho. Kochi limetakata isipokuwa kivuli cha maka. Mwalimu, naomba kuuliza jambo moja la ziada: shati la shule la mwanangu lina doa la peni ya jeli, na spiriti haikuligusa. Je, kuna tofauti?

Mwalimu wa Kemia (Mombasa)

Tofauti ipo, dada yangu. Mara nyingi rangi ya peni ya jeli haijayeyuka ndani ya wino. Ni chembe ndogo sana ngumu zinazoelea katika maji mazito, na chembe haziyeyushwi na spiriti. Hapo kazi ni ya kuzing'oa: sabuni ya maji ya vyombo isiyochanganywa na maji, mswaki laini, kusugua kwa wepesi kufuata uzi, kusuuza kwa maji baridi yanayotiririka kutoka nyuma ya kitambaa, na kurudia. Doa bichi hutoka vizuri, lililokauka hupungua tu. Kuhusu mshono wa mfuko wa kanzu, huko kitambaa kimekunjwa tabaka kadhaa na wino umejificha katikati, kwa hiyo ni afadhali kuufumua mfuko, kusafisha kila tabaka peke yake, na kumpa fundi cherehani aurudishie.