Tuliokimbia riadha kwenye vyuo vya Marekani: siku kumi kabla ya konferensi, tupeane uzoefu

MtuWa800
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nimesimama kujaza mafuta kando ya barabara kuu, mara likaingia basi la chuo. Wakashuka vijana na jaketi za timu, soksi na ndala, kila mmoja na chupa yake ya maji, hawaongei. Nyuma yao gari dogo lina pondo ndefu za kurukia zimefungwa juu ya paa. Nikajua tu: ni Mei, wanaenda konferensi, yale mashindano ya ubingwa wa kundi la vyuo. Tumbo likanikata vilevile kama miaka kumi na minne iliyopita.

Kwangu mbio zenyewe hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa zile siku kumi za kungoja. Kocha alinipunguzia kilomita hadi nusu, miguu ikawa na nguvu isiyo na pa kwenda. Usingizi ukakata. Mwenzangu chumbani akikohoa, nahamia sebuleni na blanketi langu. Halafu kuna ubao ofisini kwa kocha, kila tukio limeandikwa na pointi anazozitarajia, kwa sababu wanaopata ni wanane tu: 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Jina langu kwenye mita 800 lilikuwa na 6 pembeni. Nilipita mbele ya ubao ule kila siku nikienda kuoga.

Nikamaliza wa nne. Pointi 5. Timu ikakosa ubingwa kwa pointi 2. Najua si mimi peke yangu, lakini ile moja yangu naikumbuka kuliko medali zote nilizonazo. Nyie mlizipitishaje siku zile?

Viunzi110
Ule ubao! Kwetu ilikuwa karatasi mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Naunga mkono kila neno.

TufeNaKisahani
Asante kwa uzi mkuu, ila naomba na sisi wa kurusha tukumbukwe. Kila mkisimulia riadha ni mbio tu. Pointi 10 za tufe ni zilezile 10 za aliyezunguka uwanja mara ishirini na tano, na ni zilezile wanazopata watu wanne wa kijiti wakigawana.

Na presha yetu ni ya aina nyingine. Una marusho matatu, tisa bora ndio wanaongezewa mengine matatu. Mwaka wangu wa tatu la kwanza nilikanyaga ubao, halikuhesabiwa, la pili nikakanyaga tena. Miezi tisa ya kunyanyua vyuma imebaki kwenye rusho moja. Kocha akaniita kwenye uzio akasema neno moja: "Polepole." Nikarusha kwa nguvu kama robo tatu hivi, nikapata kipimo, nikaingia kwenye tisa, nikamaliza wa tano. Pointi 4. Wenzangu wa mbio walikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuna aliyeona.

Viunzi110
Pole kaka, lakini usilinganishe. Mtu wa tufe halali na misuli ya nyuma ya paja ikimtishia kukatika.

TufeNaKisahani
Njoo uone bega langu ndipo useme.

MtihaniHotelini
Mnazungumzia usingizi? Konferensi yetu ilikuwa inaangukia wiki ya mitihani. Nilifanya mtihani wa takwimu kwenye chumba cha mikutano cha hoteli, saa kumi na mbili asubuhi, msimamizi ni afisa wa masomo aliyesafiri na timu. Saa tano nikakimbia mchujo wa 1500. Swali la mwisho la mtihani nililijibu kichwani kwenye mzunguko wa pili, nikagundua nimelikosea. Nikafuzu kwa muda, wa mwisho kufuzu. Ushauri wangu kwa wadogo zetu: waombeni walimu mapema, mwezi mzima kabla, mfanye mtihani kabla ya safari. Wengi wanakubali mkiwafuata ana kwa ana.

Mizunguko25
Huwa nasoma tu, siandiki. Leo nimeshindwa kupita.

Nilikuwa mwaka wa pili, mita 10,000 na 5000. Aprili nikaanza kuhisi maumivu kwenye muundi, upande wa ndani, sehemu ndogo unayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Mwanzoni yalikuwa yanapotea nikishapasha mwili. Baadaye yakawa hayapotei. Baadaye tena yakaanza kuniamsha usiku, nimelala tu, mguu unapwita kama jino bovu. Kila aliyekimbia mbio ndefu anajua hiyo maana yake nini. Na mimi nilijua.

Sikumwambia mtu. Ufadhili wetu ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, tena wa nusu. Enzi hizo timu ya wanawake daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 18 wa kugawana wakimbiaji wafupi, warefu, warukaji na warushaji wote. Barua ya kuendelea ilikuwa inakuja Julai, baada ya konferensi. Kwenye karatasi ya kocha nilikuwa na 8 na 6. Nikajiambia nikileta 14 hakuna wa kunigusa. Nikawa nameza dawa za maumivu kabla ya mazoezi, na usiku naweka mguu kwenye ndoo ya barafu bafuni mlango nimefunga.

Na kuna jambo nililificha hata kwangu mwenyewe. Siku zangu za mwezi zilikata tangu Novemba. Nilikuwa nakula kidogo makusudi, nataka kuwa mwepesi. Dada mmoja mkubwa kwenye timu aliniambia hiyo ni dalili kwamba uko fiti. Nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Usiku wa 10,000 radi ikapiga. Wenyewe mnajua utaratibu: dakika thelathini tangu radi ya mwisho, ikipiga nyingine saa inaanza upya. Tulianza kupasha mwili mara tatu, tukarudishwa ndani mara tatu. Bunduki ikalia saa tano kasoro usiku, uwanja umelowa, watazamaji wamekwenda. Nilikuwa wa nne hadi mzunguko wa kumi na nane. Sikuhisi maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonidanganya. Imebaki mizunguko sita kwenye kibao, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Nikadhani ni kiatu. Nikaweka mguu chini hatua mbili tatu hivi, ya nne haikuwepo.

Mwamuzi akaja akapiga magoti kando yangu, hakunigusa, akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Kisha nikautazama mguu. Nikamwambia nimemaliza.

Waliniwekea chuma ndani ya mfupa. Kipimo cha uzito wa mifupa kikatoka vibaya kiasi kwamba daktari alirudia kuniuliza umri wangu. Timu ikashika nafasi ya nne, tumeachwa pointi 31 na wa tatu. Hata ningeshinda mbio zote mbili ningeleta 20. Na barua ya Julai ilikuja, ufadhili uleule, senti haikupungua. Sikuwahi kumuuliza kocha. Miezi yote ile nilikuwa najibu swali ambalo sikuwahi kumuuliza.

Viunzi110
Dada yangu, pole sana. Nimeweka simu chini nikatembea kidogo ndani ya nyumba.

MtuWa800
Nilianzisha uzi kwa ajili ya pointi moja. Pole sana dada, na asante kwa kutuamini.

KamaSiyoWewe
Pole dada, lakini msimtakase kocha. Mimi wangu nilimwambia. Msuli wa nyuma ya paja ulichanika wiki mbili kabla, nikasema kama nilivyofundishwa kwetu, ukweli mtupu. Akanishukuru, akanipa mkono. Juni nikapata barua ya mistari mitatu kwamba ufadhili haurudiwi. Nilihama chuo nikiwa na deni. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ndoto. Kuna iliowakuta, kuna iliowakosa.

TufeNaKisahani
Lakini wewe leo unatembea bila chuma mguuni.

KamaSiyoWewe
Natembea, ndiyo. Shahada nimeichelewa miaka minne. Usinifanyie hesabu.

TufeNaKisahani
Nisamehe kaka. Sikupaswa kusema vile.

MuuguziMkimbiaji
Niingilie kidogo, maana ni kazi yangu na nilikimbia pia. Kukosa siku za mwezi miezi mitatu mfululizo si dalili ya ufiti hata siku moja. Mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, unaanza kufunga vitu ambavyo unaona si vya lazima leo. Homoni zinazolinda mifupa zinashuka, mifupa inapungua, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Wanaume nao yanawapata, ila hawana alama ya wazi ya kuwaonya. Na maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, yanayokuja usiku ukiwa umepumzika, usiyapige barafu. Yapeleke kwa daktari.

KijitiChaMwisho
Yangu ni fupi. 4x100, fainali. Tulikuwa tumepima alama ya utepe nyayo 26 nyuma yangu mazoezini, anayeniletea akiifikia naondoka. Siku ya mbio upepo ukageuka, anayeniletea akaja na upepo mgongoni, kasi nyingine kabisa. Kocha akapaza sauti niongeze nyayo mbili. Sikumsikia kwa kelele. Nikaondoka kwa ile ya zamani, jamaa akanivamia nikiwa bado sijashika kasi, kijiti kikaanguka. Ilikuwa kabla eneo la kupokezana halijaongezwa kuwa mita 30. Wenzangu watatu hawakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa wangenilaumu.

MtihaniHotelini
Kijiti kikianguka inauma hata kuangalia.

MzeeWaElPaso
Vijana, enzi zetu hakukuwa na haya ya kupunguza mazoezi wiki mbili. Suleiman Nyambui alikuwa UTEP, chuo kikuu cha Texas pale El Paso, Mtanzania, anakimbia kila tukio analowekewa mwishoni mwa wiki, na 1980 akaenda Moscow akarudi na fedha ya mita 5000. Mnajibembeleza sana.

Viunzi110
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, mmoja aliyefaulu hatuambii kuhusu kumi waliovunjika.

Nyanda_za_Juu
Ukitaja wa zamani mtaje na marehemu Henry Rono wa Washington State. 1978, rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya viunzi na maji aliivunja Seattle Mei 13, mwezi huuhuu ambao sisi tunalia hatulali.

MtihaniHotelini
Na Edward Cheserek wa Oregon, mataji 17 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote kwa vyuo.

Nyanda_za_Juu
Mataji si rekodi za dunia. Tusilinganishe.

MtihaniHotelini
Uzi ni wa vyuo, mkuu. Chuoni kinachohesabiwa ni mataji.

MtuWa800
Jamani, wote ni wetu. Anzisheni uzi wao, nitakuja. Hapa turudi kwenye siku kumi.

Viunzi110
Haya, ya kwangu: laleni kwa muda wa saa tisa, usiku mmoja kabla ya usiku wa mwisho, maana wa mwisho hamtalala. Msile chochote ambacho hamjakila msimu mzima, hata kama hoteli imekipanga vizuri.

Nyanda_za_Juu
Mimi naona kinyume. Ukijilazimisha kulala ndipo usingizi unakimbia. Kaa na wenzako, cheka, usingizi utakukuta.

MzeeWaElPaso
Na msifue soksi za bahati. Mbili zangu zilinipa 1500 na kunguni wa hoteli wakanikimbia. Hapo nawachekesha. Lakini mwenzenu aliyevunjika mfupa nimemsoma mara mbili. Pole mwanangu.

BadoMwakaWaKwanza
Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi niko chuoni sasa hivi. Tunaondoka Alhamisi, 10,000 ni Ijumaa usiku. Nimesoma hadithi ya dada Mizunguko25 nimekaa sakafuni. Nina maumivu juu ya unyayo, katikati, wiki ya pili sasa. Nikibonyeza na kidole nayapata palepale. Usiku pia. Sijasema.

Mizunguko25
Mdogo wangu, usikimbie leo. Usijaribu hata kurukaruka kwa mguu mmoja kuona kama unauma. Asubuhi nenda kwa mtabibu wa timu kabla hujaenda kwa kocha, umweleze hivyohivyo ulivyotuandikia. Kama eksirei haionyeshi kitu, omba MRI, ile picha ya sumaku, kwa sababu ufa mpya mara nyingi eksirei haiuoni.

MuuguziMkimbiaji
Sahihi kabisa. Na sema na kuhusu siku zako kama zimekatika, na unavyokula. Hutamshangaza mtu.

KamaSiyoWewe
Nenda mdogo wangu. Mimi niliandika ya kwangu, ni kweli, lakini nenda. Barua yoyote uliyosaini kuhusu ufadhili isome kabla ya kikao na kocha, ujue haki yako iko wapi. Ukitaka tuisome pamoja nitumie ujumbe.

MtuWa800
Tunakusubiri hapa.

BadoMwakaWaKwanza
Nimetoka sasa hivi. Mtabibu alibonyeza mara moja tu. Eksirei haikuonyesha, ameniandikia MRI kesho saa mbili asubuhi, wamenipa kiatu kikubwa cha kuvaa. Kocha amefuta jina langu mbele yangu. Nilikuwa na 3 pale, sasa kuna nafasi tupu. Nimelia. Kuhusu mwaka ujao nimemuuliza, amesema tutazungumza baada ya vipimo. Sijui maana yake nini. Ameniambia nipande basi Alhamisi nikashangilie.

KamaSiyoWewe
Mwombe akuandikie hilo la mazungumzo kwenye barua pepe. Leo hii.

Mizunguko25
Umefanya nililoshindwa. Kula vizuri usiku huu.

TufeNaKisahani
Basi panda mdogo wangu. Ukifika uliza tufe linarushwa saa ngapi, ukakae pale kwenye uzio. Kule huwa hakuna mtu.