Mrejesho: kuzima umeme na kutia kufuli kabla ya kusafisha mkanda wa kusafirisha kokoto

Wakuu, asanteni sana kwa majibu. Niliuliza kama kuvuta kamba ya dharura (ya kusimamisha mkanda) kunatosha kabla ya fundi kuingiza mikono kwenye mkanda wa kokoto. Hakutoshi. Kamba hukata saketi ya kuamuru tu, yaani ile inayoiambia mota iwake au izime. Umeme mkubwa wa mota bado upo, na kamba ikirejeshwa, aliye chumba cha udhibiti anaweza kuwasha tena.

Sasa swichi kuu ya mota inazimwa, kila anayeingia anatia kufuli lake kwenye swichi hiyo, ufunguo anabaki nao mwenyewe. Watu 4, makufuli 4. Fundi umeme anapima fezi (nyaya za umeme wa mota) zote 3 kuhakikisha hazina umeme, kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kuthibitisha mota haiitiki.

Kilichosahaulika kabisa kwenye fomu ya tathmini ya hatari, na ndicho kinachonitisha zaidi, ni uzito unaoning'inia kukaza mkanda: umeme ukizimwa bado unavuta. Mkanda wa mwinuko wenye mzigo nao hurudi nyuma breki ikilegea. Kwa hiyo uzito unafungwa kwa mnyororo na mkanda unabanwa kabla mtu hajaugusa. Zamu ikibadilika, anayeingia hutia kufuli lake kabla anayetoka hajaondoa la kwake.