Farasi anayerusha mguu wa nyuma au anayeburuza kwato: nimchukue yupi?

Mpandaji_Jinja: Naomba msaada kabla ya Jumamosi. Wapo farasi wawili wa kupanda, bei zinakaribiana. Wa kwanza hurusha mguu wa nyuma juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Wa pili huburuza ncha za kwato. Yupi ana tatizo dogo?

FundiKwato: Ssebo, umeacha yote ya maana. Umri? Mguu mmoja au yote miwili? Akitembea, akienda matiti (mbio ndogo ndogo) au akirudi kinyumenyume? Kwenye maramu au majani?

Mpandaji_Jinja: Wa kwanza miaka 9, mguu wa kushoto, hasa akigeuka. Wa pili 12, yote miwili.

DaktariZizi: Mtazame wa kwanza bila tandiko. Mtembeze mita 20, mgeuze duara finyu kushoto na kulia, kisha mrudishe nyuma hatua 10. Akivuta mguu kuelekea tumboni na kuupiga chini, fikiria stringholti, ugonjwa wa mguu wa nyuma kujikunja kupita kiasi. Akitembea mbele vizuri lakini akirudi nyuma mguu unabaki juu ukitetemeka, na mkia unainuka, huo ni ugonjwa wa mtetemo: huzidi polepole na hauna tiba. Mguu ukikwama umenyooka nyuma kisha ukafyatuka, basi pia (kile kifupa cha mbele ya goti) imenasa. Hilo ndilo jepesi. Mara nyingi kupanda vilima hukaza misuli ya paja na kulimaliza.

MamaHatamu: Mchukue wa pili. Miaka 12 ni hoki (viungo vya katikati ya miguu ya nyuma) zilizochakaa tu, kazi nyepesi ataiweza.

FundiKwato: Tusibahatishe. Kunja mguu dakika moja, uachie, aende matiti papo hapo. Akizidi kuchechemea, kuna kiungo kinachouma. Ila ukikunja hoki, goti la nyuma nalo hukunjika, kwa hiyo jaribio hilo halikuonyeshi kiungo kipi.

Kasese_Nyanda: Mbung'o mmemsahau! Hapa kwetu, anayeburuza miguu yote miwili apimwe damu kwanza, huenda ni tripanosoma, vimelea vya damu anavyoeneza mbung'o. Joto la kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Tazama ufizi uliopauka, na uvimbe chini ya tumbo na miguuni. Kuna farasi alidhaniwa ana hoki mbovu, akapewa dawa ya maumivu wiki nzima nzima. Dawa ile ile ikashusha homa, basi hakuna aliyeshtuka. Damu ilipokuja kupimwa, alikuwa akigeuka miguu ya nyuma inapishana, na kiuno hakimtii tena. Hakupona.

MamaHatamu: Si achomwe diminazini, ile dawa ya tripanosoma, kama ng'ombe?

DaktariZizi: Hapana, nnyabo! Farasi huivumilia vibaya kuliko ng'ombe. Dozi ipangwe na daktari baada ya kumkadiria uzito. Na tone moja kwenye hadubini lisilo na vimelea halithibitishi kuwa hana ugonjwa. Damu izungushwe kwenye mashine, na kipimo kirudiwe.

MamaHatamu: Ng'ombe wangapi wamepona kwa hiyo hiyo!

Kasese_Nyanda: Ng'ombe si farasi, mama.

Mpandaji_Jinja: Muuzaji anasema wa kwanza alikatwa na waya zamani.

FundiKwato: Hilo ungelianza nalo! Kovu liko wapi? Mbele, chini ya hoki, kano zikijeruhiwa huweza kuleta stringholti ya mguu mmoja. Likiwa nyuma ya paja, msuli umekakamaa: mguu hukatizwa ukienda mbele, kwato ikapigwa chini kabla ya hatua kukamilika. Papasa, utahisi ugumu.

Mpandaji_Jinja: Nyuma ya paja, nadhani. Kesho naenda kupapasa.

DaktariZizi: Piga na video, kutoka ubavuni. Ukisimama nyuma yake hutaona kwato inavyotua.