Krambo ya embe imelowa juu badala ya kukauka: nimekosea wapi?

Mpishi wa Kigamboni aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu wa jikoni. Naomba msaada katika jambo ambalo limenishinda mara mbili mfululizo. Mwezi uliopita wifi yangu, aliyeishi Uingereza kwa miaka kadhaa, alitupikia krambo ya matufaha: chini matunda yaliyolainika, na juu yake tabaka la unga, siagi na sukari lililokauka, likapata rangi ya kahawia, likawa linavunjika mdomoni kama biskuti. Watoto walikwangua bakuli mpaka likang'aa. Kwa kuwa matufaha ya kutoka nje ni ghali na wakati huu maembe yamejaa sokoni, niliamua kujaribu krambo ya embe.

Nilichukua maembe dodo matano yaliyoiva kabisa, nikayamenya, nikayakatakata na kuyapanga katika bakuli la kioo linalohimili moto. Kando nilichanganya gramu 200 za unga wa ngano, gramu 150 za majarini ya kopo na gramu 100 za sukari, nikaumimina mchanganyiko huo juu ya maembe na kuushindilia kwa mgongo wa kijiko ili ulale sawasawa, kisha nikaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 30 katika oveni ndogo ya umeme, ile ya kuweka mezani. Nilipochota kijiko cha kwanza, tabaka la juu lilivutika kama ugali mlaini, maji ya embe yalikuwa yamepenya mpaka juu, na katikati kulikuwa na unga mbichi ambao moto haujaufikia. Mara ya pili niliongeza dakika 20, nikaambulia kingo zilizoungua na katikati ileile.

Je, kosa liko kwenye tunda, kwenye majarini, au kwenye oveni? Tena mdogo wangu aliyeko Morogoro hana oveni kabisa, ana jiko la mkaa tu, naye anauliza kama kuna namna.

Msafiri wa Yorkshire alijibu:

Pole sana, dada, kwa hasara ya maembe. Ninaishi Leeds, na huku krambo ni chakula cha Jumapili kama pilau lilivyo kwetu chakula cha sikukuu, kwa hiyo nimeila na kuiharibu vya kutosha.

Kwa maelezo yako makosa ni zaidi ya moja na yamesaidiana, lakini lililo kubwa ni tunda. Wengi hudhani kwamba embe lina maji mengi kuliko tufaha na kwamba ndiyo sababu krambo yake hulowa. Sivyo. Matunda yote mawili ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Tofauti iko kwenye pektini, kitu kilekile kinachoifanya jamu igande. Tufaha linayo ya kutosha, kwa hiyo maji yake yakichemka huwa mazito na kutulia chini pamoja na tunda. Embe lililoiva sana pektini yake imekwisha kulegea, kwa hiyo maji yake hubaki mepesi, hutokota na kupanda kutafuta pa kutokea, na njia pekee yaliyoachiwa ni kwenye unga wako.

Hata Waingereza hawachukui tufaha lolote linalopita mbele yao. Kwa krambo wanalipenda Bramley, tufaha kubwa la kijani, kali kiasi kwamba hulili bichi bila kukunja uso, ambalo mti wake wa kwanza uliota kutokana na mbegu iliyopandwa Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809. Huku Yorkshire kuna pia krambo ya rubabi, mmea wenye mashina mekundu na makali ambao majira ya baridi hukuzwa ndani ya mabanda ya giza na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa. Ukali huo ndio unaoipa sukari ya juu kazi ya kufanya. Dodo lililoiva ni tamu tayari, na ukiliongezea tabaka la sukari unakula utamu juu ya utamu mpaka ulimi unachoka.

Kwa hiyo tafuta embe pevu ambalo bado halijaiva, lile ambalo ukilibonyeza ni gumu na ukilikata unakuta nyama imeanza kuwa njano karibu na kokwa. Chukua kama gramu 900 za nyama iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uviweke kwenye sufuria pamoja na vijiko viwili vya sukari na maji ya nusu limau, upike kwa dakika saba au nane bila kufunika. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha konflawa, yaani wanga wa mahindi, katika maji baridi kidogo, umimine, usubiri mpaka rojo liwe zito na kung'aa, kisha uepue. Sasa liache lipoe kabisa, maana tunda la moto huyeyusha mafuta ya unga kutoka chini kabla oveni haijaanza kazi yake.

Kuhusu vipimo vya juu, kumbuka mbili kwa moja kwa moja: gramu 200 za unga, gramu 100 za siagi, gramu 100 za sukari, na chumvi kidogo. Wewe ulizidisha mafuta kwa nusu. Krambo huhusishwa sana na miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na ukiangalia vipimo vyake utaona kwa nini: siagi na sukari viliingia kwenye mgao nchini Uingereza Januari 1940, na siagi haikutoka kwenye mgao mpaka 1954, ilhali krambo inaridhika na mafuta machache kuliko pai na haihitaji kusukumwa. Ni chakula cha ubahili, dada. Ukikifanyia ukarimu kinaharibika.

Bibi wa Mkunazini alijibu:

Mwanangu wa Kigamboni, kwanza nicheke kidogo. Hapa kwetu Unguja ukimtuma mtoto sokoni akuletee tufaa, atakuletea lile jekundu lenye nyama nyeupe ya majimaji na kokwa kubwa katikati, na hilo ukiliweka kwenye mapishi haya utapata supu. Nimeyasema haya kwa sababu binti wa jirani yangu amekwisha kufanya hivyo.

Nimjibu mdogo wako wa Morogoro, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ninayoijua. Bibi zetu walioka mkate wa kumimina kwenye seredani, jiko la mkaa, kwa kupalia makaa juu, na hiki mnachokiita krambo kinataka mambo yaleyale, ila kwa mpango tofauti. Mkate unataka moto wa chini uuinue. Krambo, tunda lake limekwisha kupikwa, hivyo chini hapana kazi kubwa. Kazi yote iko juu. Achukue sufuria kubwa nzito, amwage mchanga safi mkavu kimo cha vidole viwili, aubandike jikoni mpaka mchanga upate moto, kisha aweke ndani yake bakuli la bati au sufuria ndogo yenye krambo. Afunike kwa sinia au kifuniko cha bati kilicho bapa, apunguze makaa ya chini yabaki machache yaliyoanza kuvaa majivu, na yaliyobaki, yale mekundu, ayapalie juu ya kifuniko. Nikikadiria kwa macho, theluthi moja chini na theluthi mbili juu.

Baada ya dakika 15 afunue, na hapa awe mwangalifu majivu yasimwagikie chakula. Atakuta upande wa ndani wa kifuniko umelowa jasho. Aufute kwa kitambaa kikavu, afunike tena, apalie tena. Asipofuta, jasho hilo litadondoka juu ya unga na atakuja hapa kutuuliza swali lako. Mimi hufuta mara mbili au tatu mpaka kifuniko kitoke kikavu.

Mdalasini ambao watu wa Ulaya huweka kwenye matufaha, kwenye embe mimi siupendi, unalifunika. Weka iliki iliyotwangwa upya, punje nne tu.

Mpishi wa Kigamboni aliandika:

Shikamoo Bi Mkubwa, na asante sana, Msafiri. Sikuwahi kufikiria kwamba embe bichi kiasi lingefaa kuliko lililoiva. Nimeangalia kopo la majarini nililotumia, na limeandikwa kuwa ni ya kupaka mkate, yenye mafuta pungufu. Je, hilo nalo lina ubaya? Swali langu jingine ni kuhusu kuufikicha unga: kwangu mchanganyiko hugeuka donge moja kabla sijamaliza, hata nikijitahidi kutumia ncha za vidole.

Fundi Mikate wa Tanga alijibu:

Lina ubaya, tena mkubwa. Siagi halisi ina mafuta yasiyopungua asilimia 80, na maji yake hayazidi asilimia 16. Majarini yenye mafuta pungufu nafasi ya mafuta hayo hujazwa kwa maji, na maji yakikutana na unga wa ngano huku mikono ikisugua, unapata kinyunga. Kinyunga ni kizuri kwa chapati. Kwenye krambo tunataka kinyume chake: kila chembe ya unga ivae koti la mafuta ili isishikane na mwenzake. Kama siagi ni ghali, tumia majarini ngumu ya kuokea, ile ya mche, siyo ya kopo.

Hilo donge linatokana na joto. Siagi huanza kulegea ikifika nyuzi 20 hivi na huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na jiko la Kigamboni saa nane mchana halina haja ya oveni kuyeyusha siagi. Igandishe kwenye friza, uikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti moja kwa moja juu ya unga, ufikiche haraka kwa dakika mbili, kisha urudishe bakuli lote kwenye friza kwa dakika 20 huku tunda likipoa. Uache uwe na chenga za ukubwa tofauti, nyingine kama mchanga, nyingine kama maharage. Chenga kubwa ndizo zinazobaki ngumu na kulia zinapotafunwa. Sukari iweke mwisho, maana ikisuguliwa pamoja na siagi tangu mwanzo huanza kuyeyuka na kulowesha mchanganyiko.

Sasa nije kwenye mgongo wa kijiko, ambao hakuna aliyeugusa. Hapo ndipo ulipopata unga mbichi. Mvuke wa tunda lazima upite, na chenga zikikaa ovyo hupita katikati yao bila kudhuru. Ukishazishindilia umejenga dari, mvuke unagonga dari na kugeuka maji, nao moto wa juu hauingii. Nyunyiza kwa mkono kutoka juu kidogo, kama unayewapa kuku mtama, na usiguse tena. Tabaka lisizidi unene wa sentimita mbili.

Oveni za mezani zina tatizo lao: nyaya za joto ziko karibu mno na chakula, kwa hiyo kingo huungua mapema. Weka bakuli kwenye reli ya chini, ukiwasha nyaya zote kwa nyuzi 180 kwa dakika 30, kisha ulipandishe reli ya kati na uwashe za juu peke yake kwa dakika nane au kumi. Usiende kuangalia tamthilia katika dakika hizo kumi.

Kwa Msafiri nina pingamizi dogo. Si kila tunda lipikwe kwanza. Sisi huku tunapata plamu za Lushoto, zinazoteremshwa Mombo na kuuzwa kwenye madirisha ya mabasi, nazo ni kali na zina pektini yake. Nazikata nusu, natoa kokwa, nachanganya na sukari na kijiko kimoja cha konflawa, naoka mbichi vilevile, na zinatoka zimeshikana vizuri. Mwenye mapera pia ana bahati, kwa sababu pera lina pektini nyingi kuliko matunda mengi tuliyo nayo. Mapera mawili yaliyochemshwa na kuchujwa mbegu, ukiyachanganya na embe lililoiva, yanaweza kuliokoa hata hilo dodo lako.

Msafiri wa Yorkshire alijibu:

Pingamizi limekubaliwa, plamu hata huku huokwa mbichi. Niongeze tu kwamba huku krambo huliwa na kastadi ya moto, rojo tamu la maziwa na mayai. Ile ya unga ilibuniwa na Alfred Bird mjini Birmingham mwaka 1837 kwa sababu mayai yalikuwa yakimdhuru mkewe, kwa hiyo asiye na mayai nyumbani asihofu. Imimine kwenye sahani pembeni, kamwe usiimwage juu ya bakuli zima.

Mpishi wa Kigamboni aliandika:

Narudi na majibu. Jana nilitumia maembe bolibo magumu pamoja na mapera mawili, siagi iliyogandishwa na iliki ya Bi Mkubwa. Chenga zilitoka na rangi ya maandazi, na kijiko kilipoingia kililia kabisa. Rojo lilichungulia pembeni tu, sehemu tatu au nne, likiwa zito kama asali. Mume wangu, ambaye mara ya kwanza alikula kwa kunionea huruma, safari hii aliongeza mwenyewe. Mdogo wangu naye ameoka kwa mkaa, amefuta kifuniko mara tatu, na anasema yake imetoka na harufu ya moshi kidogo ambayo hakuichukia.

Limebaki jambo moja. Iliyobaki niliifunika kwa sahani nikaiweka friji usiku, na asubuhi nikakuta juu pamelainika.

Bibi wa Mkunazini alijibu:

Uliifunika ikiwa bado ya moto, mwanangu. Iache wazi mpaka ipoe kabisa, tena iwekee kawa, inzi wasiifikie. Hiyo uliyo nayo inyunyizie chenga mbili tatu mbichi juu kama zimebaki kwenye friza, uirudishe kwenye oveni dakika kumi, moto wa juu.