PS1 yangu inagoma CD za kuchoma ila ya banda la mtaani ilisoma zote, kwa nini?

kijana_wa_chumbageni

Wakuu habari za jioni, naomba kujuzwa. Marehemu mjomba alikuwa baharia, mwaka 1999 akatuletea PS1 (PlayStation ya kwanza) kutoka Uingereza na kila akirudi safari anakuja na CD moja orijino, zile za chini nyeusi, zikafika nne. Tukaja kukua ikawekwa kabatini huko. Juzi nimeitoa nimwonyeshe binti yangu, nikawasha, inawaka vizuri tu ila CD ndo zimechoka, mbili zinakwama katikati ya gemu. Nikasema ngoja nizikopi kabla hazijafa kabisa, nikachoma kwenye CD tupu, kompyuta inasema imemaliza salama, naweka kwenye mashine inaniletea ule ukurasa wa kudai niweke CD ya PlayStation.

Sasa kinachonichanganya, banda la gemu pale kwetu Tanga yule mzee alikuwa na mashine kama hii hii ya kijivu na CD nyeusi sijawahi kuiona pale hata siku moja, zote zimeandikwa jina kwa maka peni, tunatoa mia tunacheza na hakuna iliyogoma. Yake ilikuwa na nini? Na swali la pili, hizi CD mjomba alinunua kwa jasho lake, nikizikopi nami nimeiba?

tozi_wa_ps

Ni ile rangi nyeusi mkuu, jicho la mashine linaangalia weusi. Ukichoma kwenye CD nyeupe haiwezi kukubali.

fundi_deki

Hapana, hilo la rangi tuliambiana wote utotoni lakini si kweli, mwanga wa jicho la CD unapita kwenye plastiki nyeusi kama vile haipo. Zilikuwepo hata CD tupu nyeusi za kuchoma na zilikuwa zinagoma vile vile.

Kufuli lenyewe liko mwanzoni mwa CD, kabla hata data ya gemu haijaanza. CD ya kawaida ule mstari wa data unazunguka umenyooka. Ya PS1 walipokuwa wanaigonga kiwandani waliufanya mstari uyumbe kidogo kushoto kulia, na kule kuyumba ndiko kuna herufi nne. Za Ulaya ni SCEE, Marekani SCEA, Japani SCEI. Ukiwasha, mashine inasoma huo myumbo kwanza, ikikuta herufi zake inafungua, isipozikuta inakuletea huo ukurasa uliouona. Ndo maana CD ya Marekani pia ilikuwa inagoma kwenye mashine ya Ulaya hata kama ni orijino, kufuli moja lilifanya kazi mbili. Deki ya kompyuta yako inakopi data, myumbo haiwezi kuukopi kwa sababu haujui, na haina uwezo wa kuutengeneza.

Mzee wa banda mashine yake ilikuwa imechipiwa. Mimi nimezichipia nyingi sana miaka ile, chipu yenyewe ina miguu minane, unachomelea nyaya kadhaa kwenye bodi, kazi yake ni moja tu, kuimbia mashine zile herufi nne muda wote. Mashine inadhani imezisoma kwenye CD. Baadaye watengeneza gemu wakashtuka, wakaanza kuweka mtego ndani ya gemu, gemu inasikiliza, ikisikia herufi zinaimbwa wakati hazitakiwi inajua kuna chipu, inajizima. Na sisi tukaletewa chipu zinazoimba mwanzoni halafu zinanyamaza. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Siku hizi huna haja ya kuchomelea chochote. Mwaka 2021 zilitoka programu za bure zinazokaa kwenye memori kadi, kuna tonyhax na FreePSXBoot. Tonyhax ndo inanifurahisha mpaka leo, maana walioifungua mashine walikuta deki yenyewe ina amri za siri, ukiipelekea maneno ya Licensed by Sony Computer Entertainment kwa vipande, kwa mpangilio wake, inafunguka yenyewe bila herufi nne. Nywila ilikuwa imo ndani miaka yote hiyo. Mashine yako ni ya Uingereza kwa hiyo itakubali, za Japani ndo zinasumbua.

Choma kwa spidi ndogo na utumie CD nzuri. Halafu niambie hizo nne ni gemu gani.

pwani_gamer

Niko Mombasa ndugu yangu, nimesoma swali lako la pili nikakaa nalo. Mimi naona mjomba wako alinunua kitu kikawa chake kweli kweli, kimekaa kabatini zaidi ya miaka 20 na bado unakishika mkononi. Angalia wenzetu walionunua gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka 2014, ilikuwa lazima intaneti hata ukicheza peke yako, tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva basi ikawa mwisho, mtu ana CD orijino ndani ya boksi na haifunguki. Na gemu ya Spore ya 2008 ilitoka na sheria ya kuifungua kwenye kompyuta tatu tu, watu walikasirika hadi EA, kampuni iliyoiuza, wakaongeza zikawa tano, na waliodownload ya kukreki wala hawakusumbuliwa na hilo. Aliyelipa ndiye anayefungiwa mlango. Hilo linaniuma sana, kwa hiyo zikopi, zitunze.

bao_la_simu

Naomba niseme na mimi maana niko upande wa pili. Nimetengeneza gemu ya bao ya simu, miezi 14 usiku baada ya kazi, nikaiuza shilingi 2,000. Siku moja naingia duka la kujaziwa vitu kwenye simu, naikuta gemu yangu kwenye folda lao, kijana anamjazia mteja hapo hapo mbele yangu, pamoja na nyingine kibao kwa buku. Nilitoka sikusema neno. Kwa hiyo wadau, mzee wa banda na huyu ndugu wa Chumbageni msiwaweke kapu moja. Mmoja anauza jasho la mtu, mwingine anaokoa chake.

Ila la kufuli namuunga mkono wa Mombasa, nimelionja. Nikaweka gemu iwe inauliza seva kila inapofunguliwa kama mtu amelipa. Wiki ya kwanza simu zangu zikajaa, mtu yuko kijijini hana bando, amelipa na haifunguki. Ile ya folda ilikuwa imeshatolewa hicho kipande, inafunguka popote. Nikakitoa mwenyewe. Sasa inauliza mara moja tu siku ya kununua, na nawekea michezo mipya kila baada ya muda kwa walionunua. Wizi haujaisha lakini waliolipa hawanipigii tena kunilalamikia.

kijana_wa_chumbageni

Pole sana mkuu, nitumie jina la gemu inbox nitainunua. Fundi, CD ni Tekken 3, Gran Turismo, Crash Bandicoot 3 na Spyro Year of the Dragon. Zinazokwama ni Tekken na Spyro.

fundi_deki

Hiyo Spyro ndo yenye kazi. Ya 2000 hiyo, waliotengeneza walijua itavunjwa, wakaweka ukaguzi mwingi ndani kwa ndani. Ukicheza kopi iliyovunjwa, yule kijimalaika wa ndani ya gemu, Zoe, anakuja anakwambia kopi yako imechezewa, halafu vito vinapotea, lugha inabadilika yenyewe, ukifika mwisho inakufutia ulichohifadhi. Ilichukua zaidi ya miezi miwili watu kuivunja. Na ya Ulaya ina taarifa imefichwa pembeni ya data, programu nyingi za kuchoma haziibebi, kwa hiyo usiiguse kwanza, anza na Tekken.

Kabla ya yote zitazame upande wa juu, wenye picha. Mikwaruzo ya chini inasuguliwa, ya juu hapana, data iko chini ya picha pale pale.

kijana_wa_chumbageni

Marejesho. Memori kadi nimepata kwa mtu, Tekken nimeikopi imekubali mara ya pili kwa spidi ndogo, nimepigwa na binti raundi mbili. Spyro nimeiinua kwenye taa, kuna kitundu upande wa picha, mwanga unapita. Nimeirudisha kwenye boksi lake.